Gemu Tatu za Ouma Ndani ya Sanduku Moja

Jumapili. Mvua haijaacha tangu asubuhi, mabati yanalia, na mimi nimekalia kitanda.

Mgeni anayesoma hapa ajue kwanza: mimi ni Dani, ndivyo wajukuu wa Kiluo wanavyomwita nyanya, na sikuingia darasa hata moja. Mimi naongea, mjukuu wangu Adhis anaandika kwenye simu. Tulikubaliana asininyooshee maneno. Akiyanyoosha nitajua, maana nikimaliza humwambia anisomee yote, na mdomo wangu naujua.

Leo Adhis anaandika polepole. Habari yenyewe inamhusu mama yake.

Andika tu, mtoto.

Mwanangu Ouma alikuwa akiuza vyombo vya stima vya mitumba kando ya reli, hapa Laini Saba. Alikuwa na wake wawili. Wa kwanza ni Nyar Gem, yaani binti wa Gem, anakaa hapa hapa Kibera, ukitoka kwangu unafika kabla chai haijapoa. Wa pili ni Nyar Seme, mama yake Adhis, anakaa Kabiro kule Kawangware. Kwetu Waluo mke anaitwa kwa kwao alikotoka, asisahau na sisi tusisahau.

Ouma alipenda gemu, mwanaume mzima na ndevu zake. Kila nyumba aliweka mashine, ili popote alipolala watoto wacheze naye. Kwa Nyar Gem aliweka ile nyeusi kubwa, yenye feni ndani. Kwa Nyar Seme ile ya kijivu ya sidii. Kwangu ile kuukuu ya kaseti, ambayo haiwaki mpaka uipulize kaseti kama unayepuliza jiko la makaa.

Kisha Ouma akafa. Hapo sitaongeza neno.

Tangu mazishi nyumba hizo mbili haziongei. Aliyesoma matangazo kaburini alitaja mjane mmoja tu. Nyar Seme alikuwa amesimama pale pale na watoto wake, kanga kichwani, akangoja jina lake, na jina halikuja. Nyar Gem anaapa si yeye aliyelitoa. Siku nyingine namwamini. Siku nyingine naangalia vile anavyoapa, nanyamaza.

Watoto ndio wanalipa. Adhis akija kwangu Jumamosi anazungukia Ayany, njia ndefu yote hiyo, asipite mlangoni kwa mama yake mkubwa. Wale vijana wa Nyar Gem wakimkuta hapa wanasema "sasa" kama wanamsalimu mtu wa dukani. Baba mmoja, pua moja, ukiwapanga mstari utafikiri wamekatwa na panga moja. Halafu "sasa".

Mimi ni mzee. Nikiondoka hivi, hawa wataoana wenyewe kwa wenyewe bila kujua. Adhis anacheka. Cheka, lakini andika.

Ni yeye aliyenionyesha kwenye simu kwamba kuna watu huchukua gemu kuukuu, wakazitoa maganda, wakaziweka zote ndani ya mwili mmoja: waya moja kwenda ukutani, waya moja kwenda kwenye televisheni. Nikamwambia anirudishie tena. Niliangalia mpaka simu ikaishiwa na moto.

Za kwetu zote tatu zilikuwa zinaumwa. Moja waya ya televisheni imekatika, nyingine haina kifuniko, yangu inawaka ikitaka. Nikawaza, kama zitakaa pamoja nyumbani kwangu, mtoto anayeitaka gemu ya baba yake itabidi aje hapa. Akija atamkuta ndugu yake amekaa. Hiyo ndiyo ilikuwa hila yangu na sioni haya kuisema.

Nyar Seme alinipa yake bila maneno mengi. Nyar Gem aliishika ile nyeusi kifuani kama mtoto mchanga.

"Mama, nakupa kwa sababu ni wewe," akasema. "Lakini hii ndiyo aliyokuwa anacheza usiku ule wa mwisho. Ikiharibika, usinitajie tena Kawangware. Na watoto wangu pia usiwatajie."

Nikasema sawa. Nilisema sawa haraka sana.

Nikazipeleka kwa Shikuku. Huyu ni fundi wa redio kule relini, Mluhya, mdomo wazi kama mlango wa posho mill, lakini mikono yake ni ya mkunga. Alizifungua, akayapanga matumbo yao juu ya gunia. Mende wametoka mle, Mungu wangu. Mende wanapenda gemu kuliko watoto.

Nilimpa sanduku la bati, lile la kwenda nalo shule ya bweni, alilolitumia Ouma. Shikuku akalikata mashimo ubavuni, akaweka raba ya tairi chini ili bati isiguse bodi, akafunga kitufe cha kuzungusha kwa mbele. Ukizungusha huku inaamka hii, ukizungusha kule inaamka ile. Zote pamoja haziwezi, kwa maana kila moja inakunywa stima yake kwa kipimo chake.

"Mathe, ni kama boma," akaniambia. "Mzee mmoja, nyumba kadhaa, kila mtu na chungu chake."

Hapo ndipo aliponiharibia kichwa.

Kwa sababu boma nalijua. Boma halipangwi ovyo. Mke wa kwanza, tunamwita mikayi, nyumba yake inakaa katikati, inaangalia lango. Wa pili ubavuni mwake. Langoni huwekwa vibanda vya vijana, wale ambao hata kuoa hawajaoa. Ukimweka mikayi langoni umemtukana yeye, na mama yake, na ng'ombe waliomleta.

Shikuku alitaka kuiweka ile nyeusi pembeni, karibu na yale mashimo, ambayo kwangu mimi ndiyo lango la sanduku. Akasema inahema sana, inataka dirisha. Nikamwambia mikayi hakai langoni. Akacheka. Alipoona mimi sicheki akaacha.

"Mathe, hii ni stima. Haijui mambo ya mikayi."

"Nyar Gem anajua," nikamjibu. "Atafungua hilo sanduku aangalie yake iko wapi."

Akaiweka katikati. Nikamwambia aweke na vibao, kama kuta, nyumba na nyumba zisigusane. Akaweka. Akatoboa mashimo mengine juu ya kifuniko, ili angalau ipumulie utosini. Nikamsifu, nikamletea mahindi ya kuchoma.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kuliwasha sanduku.

Walikuja wote. Sikuamini, lakini walikuja. Nyar Gem alikaa kwenye kiti na mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Nyar Seme alifika amelowa, na ndani ya mfuko wa nailoni akatoa kitambaa cha uzi alichokishona mwenyewe, cheupe, pindo la manjano. Akakitandaza juu ya sanduku. Akasema, bila kumwangalia mtu, "Nimeona lisikae uchi."

Nani kati yetu hajafunika televisheni kwa kitambaa? Redio tunafunika. Mtungi tunafunika. Nyumba yangu yote imefunikwa. Nikasema ahsante, kimependeza. Shikuku alikuwa amepiga magoti nyuma anafunga waya, hakuona.

Nikaamuru ianze ya Nyar Gem. Shikuku akazungusha kitufe.

Ikawaka. Watoto walipiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta. Ochi, kifungua mimba wa Nyar Gem, alishika pedi moja, na Felo, yule mdogo wa Nyar Seme, akashika nyingine. Vile vya kushikia mkononi wanaviita pedi. Siku ya kwanza nilipotumwa kuzinunua nilimwambia Shikuku akamwulize mkewe. Wakacheza mpira.

"Wewe huo ni mpira au unapalilia mahindi?" Ochi akamwambia mdogo wake.

"Niache bana, hii pedi ni ya enzi za Dani!"

"Funga mdomo, lango lako liko wazi kama choo cha steji ya matatu!"

Na Nyar Gem akacheka. Nilimwona kwa macho yangu. Akautoa mkoba mapajani, akauweka chini, akasogea kidogo ili Nyar Seme apate pa kukaa. Nyar Seme akakaa. Walikaa kiti kimoja, kila mtu tako moja, wanaangalia watoto. Nilisimama pale na sufuria mkononi, naogopa hata kuiweka chini nisije nikawashtua.

Halafu nikasikia harufu.

Anayekaa Kibera anaijua hiyo harufu. Waya inayoungua. Nyumba zetu zimebanana, ya huyu ikishika na ya yule imeshika, na mtu haulizi, anasimama. Jirani akapayuka kupitia bati: "Mama Ouma! Ni kwako kunanuka?" Moshi ukawa unatoka kwenye kitambaa, mwembamba, kama wa ubani. Nilidaka karai la maji ya kuoshea vyombo.

"Si maji, mathe! Si maji!"

Shikuku alinigonga mkono karai likamwagika miguuni kwangu. Aliruka juu ya watoto, akang'oa waya ukutani, akalibeba sanduku lote kama lilivyo akalitupa nje chini ya ukingo wa mabati. Watoto nje. Wamama nje. Mimi nilibaki ndani nimelowa, natafuta watoto ambao walishatoka, nawaita majina yao yote na la Ouma nikaita.

Adhis anasema hilo la Ouma hakulisikia. Nililiita.

Moto haukushika. Moshi ukaisha. Tukasimama chini ya ukingo, mvua mbele yetu, na Nyar Gem akainama akakiinua kile kitambaa kwa vidole viwili. Katikati kilikuwa kimegeuka kahawia. Katikati kabisa, mahali pa ile yake.

"Umenifunika pua," akamwambia Nyar Seme.

"Dada, mimi nilileta kitambaa tu."

"Usiniite dada. Yako imeungua? Ya Mama imeungua? Ni yangu peke yake. Umekuja na mvua yote hii kutoka Kabiro kunifunika pua."

Nyar Seme alimshika Felo mkono, akaanza kutembea. Nyar Gem akageuka kwangu.

"Nilikwambia, Mama."

Akaondoka na vijana wake. Ochi bado alikuwa na pedi mkononi, waya inaburuta kwenye matope.

Shikuku aliniangalia. Alijua, na mimi nilijua kwamba amejua. Alifuta tu mikono kwenye suruali akaniambia atarudi leo kulifungua. Angenitukana ningelala. Sikulala.

Kanisani leo sikuimba. Padre alisema nini sijui, mwulizeni mwingine. Nilikaa pale nikijiambia njia ni mbili. Njia moja ni kunyamaza. Kitambaa kipo, alama ya kuungua ipo, kila mtu ameona. Mimi nitabaki nyanya mwema aliyejaribu, na Nyar Seme atabeba. Amebeba mengi, hata hili angelibeba. Ndilo lililonitia hofu, kwamba angelibeba kweli.

Njia ya pili mnaijua.

Nilipotoka kanisani nilimpigia Nyar Seme nikamwambia njoo. Akasema, "Mama, mimi sasa acha nikae kwangu." Nikamwambia mimi si wa kuombwa ruhusa, njoo, nikakata simu. Kisha nikaenda hadi mlangoni kwa Nyar Gem. Sikubisha. Nilisimama tu kwenye mvua bila mwavuli. Mama mkwe akisimama mlangoni kwa mke wa mwanawe analowa, majirani wanatoka kuangalia, na Nyar Gem kitu asichokipenda duniani ni majirani. Sijamaliza hata kulowa vizuri mlango ukafunguka.

"Mama, unanifanyia nini?"

"Vaa viatu."

Basi mchana huu walikuwa hapa tena, mmoja kitandani mmoja kwenye kiti, Adhis kando ya mlango, na Shikuku chini sakafuni na bisibisi yake. Alifungua sanduku, akatoa kifuniko, akaangalia ndani muda mrefu. Feni ya ile nyeusi ilikuwa imebanwa na kile kibao changu, kile nilichokiita ukuta. Haikuwa inazunguka. Huko ubavuni ndiko inakovutia pumzi, nami niliijengea nyumba isiyo na dirisha.

Shikuku akaanza, "Shida hapa ni ya hewa, sasa unaona hewa..." Anazunguka zunguka, ananificha. Mwanaume mwema sana yule.

Nikamkata. Nikawaambia wote wawili: ni mimi. Fundi alisema pembeni, mimi nikasema katikati. Alisema inataka dirisha, mimi nikasema mikayi hakai langoni. Vibao niliagiza mimi. Kitambaa kiliungua kwa sababu kilikuwa juu ya moto ambao mimi niliuwasha. Nyar Gem, mwenye kukuunguzia ni huyu hapa. Mgombeze huyu.

Nikajifunga leso vizuri kiunoni, niko tayari kugombezwa.

Nyar Seme alikuwa anaangalia kucha zake. Nyar Gem alimwuliza Shikuku kitu kimoja tu: "Imekufa?"

Shikuku akaitoa, akaifuta vumbi, akaiweka mezani peke yake akaipa stima. Ile taa nyekundu ndogo haikuwaka. Akajaribu tena. Akatikisa kichwa. Alisema ni kile kipande cha kugawa stima ndicho kimeungua, bodi yenyewe inaonekana nzima, kesho atatafuta kwa wauza vyuma mashine maiti ya aina hiyo aing'oe kipande chake. Akikipata, huenda. Hawezi kuapa.

Huenda.

Nikangoja. Sharti lake nalikumbuka, mimi ndiye niliyesema sawa. Nikamwona Nyar Gem anavuta pumzi ya kulisema.

Akamwuliza Shikuku, "Ukiirudisha, ukiiweka huko kando kwenye mashimo, itapumua?"

"Itapumua, mathe. Huko ndiko mahali pake."

"Basi weka kando."

Nikaruka. "Nyar Gem, kando ni langoni!"

"Mama, langoni napajua." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, uso umemshuka kama mtu aliyetua mtungi. "Huko katikati nimekaa tangu Ouma alipotuacha. Watu wananizunguka, wananiita mikayi, mikayi. Hakuna anayekuja kukaa. Katikati kuna joto, Mama. Niweke langoni, angalau nione nani anapita."

Nikakichomoa kile kibao changu sandukuni, nikakiweka chini.

Nyar Seme ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Na mimi hapo kando ya lango pananitosha." Hakumwita dada. Alishakatazwa. Lakini alisema.

"Na katikati aweke nani?" Shikuku akauliza, bisibisi hewani. "Sanduku lina nafasi tatu, wamama."

"Weka yangu," nikasema. "Ya kaseti haina feni, haipati joto. Mwanamke mzee haungui."

"Huyu?" Nyar Gem akasema. "Huyu ataunguza mtaa." Shikuku alicheka mpaka akaangusha misumari.

Sitawadanganya kwamba walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Waliondoka kila mtu na njia yake, na ile nyeusi iko hapa mezani, baridi, taa haina. Kipande chenyewe kinaweza kukosekana. Kikikosekana, Nyar Gem ana haki ya kulikumbuka neno lake, na mimi sitakuwa na la kusema.

Lakini kuna kitu kimoja. Nyar Gem alipofika mlangoni alijifunga leso kichwani, Nyar Seme alikuwa nyuma yake anatafuta kiatu, mimi niko hapa kitandani. Akasema, bila kugeuka, "Fundi akikipata, mnipigie."

Nimemwambia Adhis aliandike hilo neno peke yake, kwenye mstari wake.

Mnipigie.

Hakusema unipigie. Mimi nimempigia huyu mwanamke simu miaka yote hii, na siku zote ananiambia unipigie, Mama. Sikusoma, lakini mtu mmoja na watu wawili naweza kuwatofautisha. Adhis naye alisikia, ndiyo maana amekaa hapa na simu na machozi yanadondokea kwenye kioo, ananiambia ni mafua.

Au ulimi uliteleza? Nyar Gem, na ulimi wake ule?

Asubuhi na mapema nitakuwa relini kwa Shikuku na chupa ya chai, nimsimamie mpaka kipande kipatikane. Na kikipatikana, simu atapiga Nyar Seme. Mimi nitakuwa sina salio.